Utungaji wa mimba

Utungaji wa mimba (pia: kutunga kwa mimba) ni mfululizo wa hatua ambazo mbegu ya mwanamume huungana na yai la mwanamke, kisha seli inayotokana na muungano huo huanza kugawanyika, husafiri hadi mfuko wa uzazi na kujishikiza humo. Kwa binadamu hatua hizo huchukua takriban siku 10.

Karibu zote hutokea kabla mwanamke hajajua kwamba ana mimba, kwa kuwa dalili ya kwanza inayotambuliwa na wengi, yaani kukosa hedhi, huonekana kama wiki mbili baada ya yai kurutubishwa. Ndiyo sababu wataalamu wa afya hushauri maandalizi ya ujauzito yaanze kabla ya mimba yenyewe.

Yai na mbegu

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai machanga milioni 1 hadi 2 katika ovari zake mbili. Idadi hiyo hupungua mwaka hadi mwaka: anapobalehe hubaki kama 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote ya uzazi ni kama 400 tu yatakayopevuka na kutoka. Yai lililopevuka lina upana wa milimita 0.1 hivi, na ni mojawapo ya seli kubwa kabisa za mwili wa binadamu.

Kwa mwanamume, korodani hutengeneza mbegu kila siku kuanzia balehe na kuendelea hata uzeeni. Mbegu moja huchukua miezi miwili na nusu hivi hadi kukamilika. Kwa hiyo homa kali inaweza kupunguza wingi wa mbegu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona.

Siku za rutuba

Yai hupevuka kwa kuchochewa na homoni za tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Likitoka kwenye ovari hudakwa na ncha ya mrija wa uzazi, unaoitwa pia mrija wa Fallopio.

Kwa kawaida yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si lazima siku 14 baada ya hedhi iliyopita. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hutoa yai karibu na siku ya 14, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 hulitoa karibu na siku ya 21. Hata kwa mtu mmoja siku hiyo inaweza kubadilika mwezi hadi mwezi.

Yai likishatoka huweza kurutubishwa kwa muda wa saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume, kinyume chake, zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Hivyo siku za rutuba katika kila mzunguko ni kama 6: siku 5 kabla ya yai kutoka, pamoja na siku yenyewe.

Urutubishaji

Katika tendo moja la ndoa hutolewa mamilioni mengi ya mbegu, mara nyingi zaidi ya milioni 100. Nyingi hufa ukeni kwa sababu ya asidi, au hukwama kwenye ute wa mlango wa kizazi. Ute huo huwa mzito siku nyingi za mwezi, lakini karibu na siku ya yai kutoka huwa mwepesi na wa kuvutika, ukaruhusu mbegu kupita. Zinazofika karibu na yai ni mia chache tu.

Mbegu iliyotoka mwilini mwa mwanamume haiwezi kurutubisha yai papo hapo. Hupaswa kwanza kukaa saa kadhaa katika njia ya uzazi ya mwanamke, ambamo utando wake hubadilika na mkia wake kupata nguvu zaidi. Baada ya hapo huweza kupenya ganda la yai kwa kutumia vimeng'enya vilivyomo kwenye kichwa chake.

Mara mbegu ya kwanza inapoingia, yai hubadilisha ganda lake ili nyingine zisipite. Ulinzi huo ni muhimu, kwa sababu yai lililoingiwa na mbegu mbili huwa na kromosomu kupita kiasi, na kwa kawaida mimba yake huharibika.

Yai huchangia kromosomu 23 na mbegu 23, na kufanya jumla ya 46. Seli mpya huitwa zigoti. Yai daima lina kromosomu X, ilhali mbegu huwa na X au Y. Mbegu yenye X huleta mtoto wa kike, yenye Y huleta wa kiume. Kwa hiyo kumlaumu mwanamke kwa kuzaa watoto wa jinsia moja tu hakuna msingi wowote wa kibiolojia.

Kutoka mrijani hadi mfuko wa uzazi

Urutubishaji hutokea katika sehemu pana ya mrija. Kutoka hapo zigoti husukumwa polepole na vinyweleo vidogo vya mrija pamoja na kubanabana kwa misuli yake. Njiani hugawanyika: seli 2 baada ya siku moja hivi, 4 siku ya pili, 8 siku ya tatu. Muda huo wote haikui kwa ukubwa, kwa kuwa bado imo ndani ya ganda lake.

Siku ya 4 hivi hufika katika mfuko wa uzazi ikiwa kifungu cha seli. Siku ya 5 huwa kama puto dogo lenye maji ndani. Seli za ukuta wake wa nje zitashiriki kujenga kondo la nyuma, na fungu dogo la seli za ndani litakuwa mtoto.

Kati ya siku ya 6 na ya 10 hutoka katika ganda na kujishikiza kwenye ukuta laini wa mfuko wa uzazi. Seli za nje huanza kutoa homoni iitwayo hCG. Homoni hiyo huiamuru ovari iendelee kutoa projesteroni, ili ukuta wa mfuko usibomoke na hedhi isije. Vipimo vya mimba vya mkojo hutafuta homoni hiyohiyo. Kipimo kilichofanywa mapema mno kinaweza kuonyesha kwamba hakuna mimba ingawa ipo, hivyo ni vema kukirudia baada ya siku chache.

Umri wa mimba

Kwa kuwa wengi hawajui siku ya urutubishaji, umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hesabu hiyo ujauzito huchukua siku 280, yaani wiki 40, ingawa mtoto mwenyewe ana umri wa wiki 38. Mwanamke aliyechelewa hedhi kwa siku moja huambiwa ana mimba ya wiki 4, lakini kiinitete kina wiki 2 tu. Kutojua tofauti hiyo mara nyingine husababisha ugomvi kati ya mume na mke, hasa kama mmoja wao alikuwa safarini.

Kukadiria tarehe ya kujifungua, huongezwa siku 7 kwenye siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kupunguzwa miezi 3. Hedhi iliyoanza tarehe 1 Machi huleta makadirio ya tarehe 8 Desemba. Ni watoto wachache wanaozaliwa siku hiyohiyo.

Wiki nane za kwanza

Hadi mwisho wa wiki ya 8 baada ya urutubishaji mtoto huitwa kiinitete, na baadaye kijusi. Moyo huanza kupiga karibu na siku ya 22. Mrija wa neva, unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufungwa kufikia siku ya 28. Usipofungwa vizuri mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Siku ya 28 ni wiki mbili tu baada ya kukosa hedhi. Wanawake wengi wanapofika kliniki mara ya kwanza, mrija huo umeshafungwa au umeshindwa kufungwa. Ndiyo maana mwanamke anayetarajia kupata mimba hushauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla ya kushika mimba. Kwa sababu hiyohiyo nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Tanzania, huagiza virutubishi hivyo viongezwe katika unga unaotengenezwa viwandani.

Hitilafu

Kati ya mimba 100 zilizothibitishwa, kama 10 hadi 20 huharibika, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza. Karibu nusu ya zinazoharibika mapema zina kasoro za kromosomu zilizotokea kwa bahati tu. Kazi za kawaida za nyumbani, hofu au tendo la ndoa si chanzo chake.

Mimba 1 au 2 kati ya 100 hutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi mrijani. Makovu yanayoachwa na kisonono au klamidia huongeza hatari hiyo. Mimba ya namna hii haiwezi kuhamishwa wala kukomaa, na ikipasua mrija mama huweza kufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, kutokwa damu, kizunguzungu au kuzimia kwa mwanamke aliyekosa hedhi ni dharura inayohitaji hospitali mara moja.

Historia

Mbegu za kiume zilionekana kwa darubini mwaka 1677 na Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi. Yai la mamalia lilitambuliwa na Karl Ernst von Baer mwaka 1827. Mwaka 1978 alizaliwa nchini Uingereza Louise Brown, mtu wa kwanza ambaye mimba yake ilianzishwa maabara. Robert Edwards, mmoja wa waliofanikisha kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010.