Sasisho la Programu na Usalama wa Karatasi ya Mgonjwa

Utangulizi

Mgonjwa anapotoka hospitalini hubeba vitu viwili: dawa na karatasi. Karatasi hiyo yaweza kuwa cheti cha dawa, bahasha yenye maelekezo ya dozi, majibu ya maabara au maelezo ya kuruhusiwa kutoka wodini. Maneno ya mtoa huduma husahaulika upesi, pengine kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Karatasi hubaki. Husomwa na mgonjwa mwenyewe au husomewa na mwanawe, hutunzwa chini ya godoro au ndani ya kabati, na siku ya kliniki hurudi nayo. Kwa sababu hiyo karatasi ni sehemu ya tiba, na kosa lililo juu yake ni kosa la tiba.

Sehemu kubwa ya karatasi hizo siku hizi huandaliwa kwa kompyuta. Programu zinazofanya kazi hiyo husasishwa mara kwa mara, yaani hubadilishwa na watengenezaji wake ili kuondoa dosari, kuziba mianya ya kiusalama au kuongeza uwezo. Mara nyingi sasisho huonekana kuwa jambo la fundi wa kompyuta peke yake. Makala haya yanaeleza kwa nini linamhusu pia mfamasia, muuguzi na mgonjwa. Kwa nini kuliahirisha ni hatari, na kulipokea bila uangalizi nako ni hatari. Yanamalizia kwa njia nyepesi ya kuilinda karatasi dhidi ya hatari zote mbili.

Programu huria na safari ya waraka

Programu huria ni ile ambayo maagizo yake ya ndani, yale yanayoiongoza kompyuta, yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa kwa masharti ya leseni yake. Nyingi hupatikana bila kulipia ada, jambo lenye uzito kwa kituo chenye bajeti ndogo. Uwazi huo huruhusu pia watu kuitafsiri programu kwa lugha yao. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, chini ya mradi ulioitwa Kilinux.

Ili kuelewa sasisho linagusa nini, tuufuate waraka mmoja tangu unapoandikwa hadi unapochapwa. Mwongozo wa dozi huweza kuandikwa kwa LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 baada ya kundi la watengenezaji wa OpenOffice.org kujitenga. Vitabu na majarida ya kisayansi, hasa yenye milinganyo mingi, huweza kupangwa kwa TeX, iliyotungwa na Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwishoni mwa miaka ya 1970. Waraka ukishakamilika hugeuzwa kuwa faili la PDF. Programu nyingine, kama vile Ghostscript, iliyoanza mwaka 1988, hulitafsiri faili hilo kuwa nukta ambazo printa itazichora. Mwisho, katika kompyuta za Linux na za Apple, mfumo uitwao CUPS huipanga kazi kwenye foleni na kuipeleka kwenye printa.

Hivyo, kati ya vidole vya mwandishi na macho ya mgonjwa kuna mikono kadhaa isiyoonekana. Kila mmoja husasishwa kwa wakati wake, na kila mmoja una uwezo wa kubadilisha kile kitakachotokea karatasini.

Hatari ya kuahirisha

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi Septemba 2024, mtafiti Simone Margaritelli alitangaza dosari kadhaa katika sehemu za mfumo wa CUPS. Kijiprogramu kimoja kinachotafuta printa kwenye mtandao kilikuwa kinapokea taarifa kutoka kwa yeyote. Mhalifu angeweza kuingiza printa ya uongo, na mtumiaji akituma kazi kwenye printa hiyo, amri za mhalifu zingetekelezwa ndani ya kompyuta. Mwaka huohuo Ghostscript nayo ilihitaji sasisho, toleo 10.03.1, kwa kuwa faili lililoandaliwa kwa hila liliweza kutoka katika eneo salama ambamo linapaswa kufungiwa. Ikumbukwe kwamba Ghostscript mara nyingi hufanya kazi ndani ya programu nyingine, hivyo kituo huweza kuitumia bila kujua.

Madhara ya kuchelewa yalionekana wazi tarehe 12 Mei 2017, virusi vya kompyuta viitwavyo WannaCry viliposambaa duniani na kufunga mafaili ya makumi ya taasisi za hospitali nchini Uingereza. Miadi ya wagonjwa ilifutwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yalielekezwa kwingine. Tukio hilo lilihusu Windows, ambayo si programu huria, lakini somo ni moja. Virusi vilipita katika mwanya wa utaratibu unaotumika kushirikisha mafaili na printa, na sasisho la kuuziba lilikuwa limetolewa tangu mwezi Machi.

Hatari ya kupokea bila kuangalia

Hatari ya pili ni ya kimya zaidi. Kompyuta inawaka, programu inafunguka, printa inachapa. Lakini karatasi inayotoka si ileile ya jana. Mambo manne yanahitaji uangalizi wa pekee.

La kwanza ni alama maalumu. Zamani, mwandishi aliyetaka alama ya Kigiriki ya mikro, yaani µ, aliandika herufi m kisha akaivika fonti iitwayo Symbol. Machoni ilionekana µ, lakini kilichohifadhiwa kilikuwa m iliyovikwa vazi. Waraka huo ukifunguliwa katika programu mpya, ukinakiliwa kwingine, au fonti hiyo ikikosekana, vazi huweza kuvuka na m ikabaki wazi. Hapo µg husomeka mg: mikrogramu imekuwa miligramu, na dozi imezidishwa mara 1,000.

Tuangalie maana yake kitabibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza misoprostoli ya kumeza ya mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili kwa ajili ya kuanzisha uchungu wa uzazi. Miligramu 25 zingekuwa sawa na vidonge 125 vya mikrogramu 200. Kosa kama hilo mtaalamu atalishtukia mara moja, kwa kuwa halitekelezeki. Inatisha zaidi pale namba inapoonekana ya kawaida. Kidonge cha digoksini, dawa ya moyo, huweza kuwa cha mikrogramu 250. Karatasi ikisema miligramu 250, jicho lililochoka huweza kupita bila kujikwaa, maana miligramu 250 ni kipimo kilichozoeleka kwa dawa nyingine nyingi, zikiwemo antibayotiki.

Alama nyingine huvuliwa vivyo hivyo. Alama ya «si zaidi ya», ≤, iliyoandikwa kwa fonti ya Symbol huweza kutokea kama £, alama ya pauni. Alama ya «si chini ya», ≥, huweza kugeuka 3 ndogo iliyoinuliwa, na maelekezo ya kurudi kliniki shinikizo la damu likifika ≥140 yakasomeka ³140. Alama ya vema iliyoandikwa kwa fonti ya Wingdings huweza kuwa ü. Dawa ya ugonjwa huu ni mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambao huipa kila alama namba yake yenyewe. Nyaraka mpya kwa kawaida hutumia mfumo huo. Mashaka yako katika miongozo ya zamani inayoendelea kunakiliwa mwaka hadi mwaka.

La pili ni fonti mbadala. Fonti ni seti ya maumbo ya herufi. Waraka ulioandikwa kwa fonti ambayo kompyuta haina huchapwa kwa fonti nyingine. Zipo fonti huria zilizotengenezwa makusudi ili herufi zake ziwe na upana uleule wa zile za kibiashara: Liberation hushika nafasi ya Arial na Times New Roman, na Carlito nafasi ya Calibri. Zisipokuwepo, mistari hukatika mahali pengine. Jedwali la dozi kwa uzito wa mtoto lililopangwa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, badala ya kutumia jedwali halisi, huteguka, na dozi ya mtoto wa kilo 20 ikajikuta mbele ya kilo 10.

La tatu ni ukubwa wa karatasi. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, ilhali ile ya Letter inayotumika Marekani ina milimita 279. Mipangilio ya printa ikirudi kwenye Letter baada ya sasisho, tofauti hiyo ya milimita 18 huweza kuumeza mstari wa mwisho. Na mstari wa mwisho mara nyingi ndio unaosema dalili za hatari na tarehe ya kurudi.

La nne ni ubadilishaji wa kujiendesha. Programu za majedwali hupenda kubahatisha nia ya mwandishi: 1/2 ya nusu kidonge hugeuzwa tarehe. Tatizo hili liliwasumbua hata wanasayansi wa jenetiki, ambao majina ya jeni kama SEPT1 yaligeuzwa tarehe za Septemba, hata ikabidi majina hayo yabadilishwe. Mwaka 2020 mwongozo mpya wa kuyapa jeni majina ulilizingatia tatizo hilo. Mpangilio wa lugha na nchi nao huamua kama desimali itaandikwa kwa nukta au kwa mkato. Wasomaji wetu wa Kongo na Burundi, walikozoea desturi ya Kifaransa, wanajua kwamba 1,000 kwa mmoja ni elfu moja na kwa mwingine ni moja kamili.

Karatasi ya kipimo

Maabara haitumii mashine mpya bila kuipima kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana. Kanuni hiyohiyo itumike kwa programu za nyaraka. Kituo kiandae ukurasa mmoja, tuuite karatasi ya kipimo, wenye alama zote zenye hatari: µg, ≤, ≥, ½, °C, 0.5, alama ya vema na neno lenye ng'. Chini yake liwekwe jedwali moja la dozi, na mwishoni kabisa mwa ukurasa liandikwe neno MWISHO. Kisha hatua zifuatazo zifuatwe:

1. Kabla ya sasisho, chapa karatasi ya kipimo pamoja na nyaraka tatu au nne zinazotumika zaidi kituoni. Andika tarehe na toleo la programu, kisha hifadhi.
2. Soma maelezo yanayoambatana na toleo jipya. Hayo ni sawa na kipeperushi kilichomo ndani ya kasha la dawa: hutaja kilichobadilika na tahadhari zake.
3. Sasisha kompyuta moja kwanza, si zote, na si asubuhi ya siku ya kliniki. Hifadhi nakala ya mafaili na njia ya kurudi kwenye toleo la awali.
4. Chapa upya, weka karatasi mpya juu ya ya zamani, uziinue kwenye mwanga wa dirisha. Kilichohama kitaonekana. Kisha mtu wa pili azisome namba moja baada ya nyingine.
5. Zikilingana, sasisha kompyuta zilizobaki. Zisipolingana, simamisha na umwite fundi.

Masasisho ya usalama yasicheleweshwe. Upimaji huu huchukua muda mfupi tu. Matoleo makubwa yanayoleta mambo mapya yanaweza kusubiri marekebisho ya mwanzo. LibreOffice hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, na kati yake hutoa madogo ya kurekebisha dosari. Knuth naye alichagua utulivu: kila anaporekebisha TeX, namba ya toleo huongezewa tarakimu moja ya pai, na mwaka 2021 ilifika 3.141592653.

Juu ya yote, uandishi wenyewe uwe wa tahadhari. Andika neno «mikrogramu» kwa ukamilifu badala ya alama. Andika 0.5, si .5, andika 5, si 5.0. Andika «nusu kidonge». Neno kamili halina vazi la kuvuliwa.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Wewe uliyepewa karatasi ndiwe msomaji wa mwisho, na jicho lako ni kinga. Kabla hujaondoka dirishani, angalia kama jina ni lako na kama maelekezo yanafanana na uliyoambiwa kwa mdomo. Ukiona vijisanduku vitupu katikati ya maneno, alama ya pesa mahali pa kipimo, sentensi iliyokatika chini ya ukurasa, au dozi tofauti na uliyoizoea kwa dawa ileile, rudi ukaulize kabla ya kumeza. Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea heshima mhudumu.

Hitimisho

Sasisho la programu si la kuogopwa wala la kupuuzwa. Lipokelewe kama tunavyopokea dawa mpya: kwa wakati wake, kwa kusoma maelezo yake, na kwa kumwangalia aliyeipata. Kazi ya kusasisha haimaliziki pale kompyuta inaposema imekamilika. Humalizika pale mtu anapoishika karatasi iliyochapwa, akaisoma hadi neno la mwisho, na kuridhika kwamba angempa mama yake mzazi aitumie.