Michaela DePrince: Nambari 27 aliyetamba kwa baleti

Kwenye makao ya mayatima Sierra Leone, kila mtoto alikuwa na nambari. Michaela alipewa 27, ya mwisho, kisa mabaka meupe ya vitiligo. Walimwita mtoto wa shetani.

Siku moja upepo ukapeperusha jarida hadi getini. Jaladani, mwanadensi amesimama kwa ncha za vidole, anatabasamu. Michaela akaichana picha ile, akaificha ndani ya nguo.

Mwaka wa 1999 akaasiliwa na familia ya Marekani. Huko nako, akiwa na miaka minane, akaambiwa Marekani haijawa tayari kwa mcheza baleti msichana mweusi. Hebu fikiria, kuambiwa hivyo ukiwa mtoto!

Hakuacha. Mwaka wa 2013 alitua Dutch National Ballet, Amsterdam, na kufikia 2016 alikuwa amepanda hadi cheo cha soloist. Baadaye akahamia Boston.

Alifariki Septemba 2024. Alikuwa na miaka 29 tu.