Je, Wajua? Matatu Huivuruga Sumaku Bila Kuigusa

Matatu inayopita Barabara ya Jogoo huwa na chuma kingi kiasi cha kuupinda kidogo uga sumaku wa Dunia, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi, na mpindo huo hupimika mita kadhaa kutoka barabarani.

Mkazi wa Makadara hausikii, lakini mashine inayochunguza muundo wa dawa kwa kupima mwitiko wa viini vya atomu ndani ya sumaku kali ingeusikia mara moja. Katika sumaku ya tesla 9.4, ambayo ni takriban mara 280,000 ya uga wa Dunia ulivyo Nairobi, viini vya haidrojeni huitika mara milioni 400 kwa sekunde, na mtaalamu hutafuta tofauti isiyofika hata mtetemo mmoja kwa sekunde. Usahihi huo unastaajabisha kweli.

Treni ya abiria ya Makadara hutumia dizeli, na hiyo ni heri, kwa kuwa reli za umeme huvujisha mkondo ardhini na kuisumbua mashine kutoka mbali zaidi.

Dawa kuu ni umbali: ukiuongeza maradufu, usumbufu wa kipande cha chuma hupungua hadi takriban thumuni yake. Usumbufu unaobaki hufidiwa na mashine yenyewe, ambayo hufuatilia bila kukoma mwitiko wa deuteri, haidrojeni nzito iliyomo katika kiyeyushi cha sampuli, na kujirekebisha.