Boga, Mchele na Tui: Mkate Usio na Ngano

Asubuhi ya Likoni inakwenda na ngano. Mahamri kwa mbaazi za nazi, chapati ya moto kwenye kibanda cha njia ya feri, boflo la dukani kwa anayekimbilia kazini. Jioni huja sambusa, na mwezi wa Ramadhani zikaongezeka kaimati. Kwa hiyo mtu akitoka hospitalini na agizo la kuacha ngano maisha yake yote, nyumba nzima huona mlango wa chai umefungwa. Fikra ya kwanza ni kwenda supermaketi kutafuta pakiti za ng'ambo zilizoandikwa kuwa hazina gluteni, na bei yake humtoa mtu jasho.

Pakiti hizo si lazima. Mpishi wa Pwani amekuwa akioka na kukaanga bila ngano tangu zamani: mkate wa sinia hutengenezwa kwa mchele uliorowekwa ukasagwa na tui, vitumbua na vibibi vivyo hivyo, na mofa ya kaskazini huko Lamu huokwa kwa unga wa nafaka za kwetu. Mkate wa boga usio na hamira, unaochanganywa na kuokwa saa ileile, unafuata njia hiyohiyo. Anayeujua uji wa vitumbua ameshajifunza nusu ya kazi.

Gluteni yenyewe ni nini? Ndani ya ngano mna protini mbili kuu, gliadini na glutenini. Zikikutana na maji na mkono wa kukanda, zinashikana na kufanya mtandao unaovutika. Mtandao huo ndio unaoruhusu chapati kusukumwa iwe nyembamba bila kuraruka, na ndio unaozuia hewa ya hamira isitoroke kwenye hamri. Shayiri na rai zina protini za jamii hiyo. Mchele, mahindi, mtama, wimbi, mawele na muhogo hazina protini hizo.

Walio wengi hula gluteni bila tabu yoyote. Mwenye ugonjwa wa seliaki ni habari nyingine: kinga ya mwili wake huishambulia ngozi laini ya utumbo mwembamba kila anapokula ngano, na chakula kikapita bila kufyonzwa ipasavyo. Ndipo huja kuharisha, tumbo kujaa, upungufu wa damu usiosikia dawa, mtoto kudumaa. Duniani inakadiriwa mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi hawajijui. Daktari Mholanzi Willem Karel Dicke alikuwa ameshaanza kuishuku ngano miaka ya 1930. Ilipofika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika Uholanzi, watoto wagonjwa aliowahudumia wakapata nafuu badala ya kuzidiwa. Alieleza matokeo yake katika tasnifu ya mwaka 1950.

Wapo wanaouita ugonjwa wa Wazungu. Hilo halina msingi. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, na asilimia 5.6 yao walionekana kuwa nao, kiwango kinachoishinda Ulaya yote. Jambo moja la kuzingatia kwa anayejishuku: asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa kwa sababu ya gluteni. Ukiiacha miezi kadhaa, kipimo kinaweza kusema huna kitu.

Turudi jikoni. Mkate huu huumuka kwa baking pauda, nayo ina kisa kinachofaa kusimuliwa. Alfred Bird, mwanakemia wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na mke ambaye mikate ya hamira ilimdhuru, na mayai pia. Mwaka 1843 akabuni unga wa kuumua bila hamira, ili mkewe ale mkate kama wengine. Yaani kitu kilichomo katika kila duka la mtaa kuanzia Mtongwe hadi Mlaleo kilianza kwa mtu mmoja aliyekatazwa chakula nyumbani kwake. Ndani yake mna soda na asidi kavu. Zikipata maji na moto, hutoa hewa ya kaboni dioksidi.

Tahadhari ndogo hapa. Magadi ya mawe, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi na kutiwa kwenye maharagwe ili yalainike haraka, hayafai kwa kazi hii. Yana kabonati nyingi, ni makali, na mkate huishia na ladha ya sabuni.

Sasa, gluteni ikiondoka, ni nani atakayeishika hewa hiyo? Ndipo boga linapopata heshima yake. Nyama ya boga ina pektini na nyuzinyuzi laini zinazofanya uji kuwa mzito na kushika maji. Mayai huganda kwa moto na kusimamisha kuta. Wanga wa mchele na muhogo hunyonya maji na kuvimba joto likipita nyuzi 60 au 70, halafu ukishapoa hukaza. Watatu hao wakisaidiana, hakuna cha kukanda. Ndiyo maana mkate wa aina hii ni rahisi kuliko boflo lisilo na ngano, ambalo hata waokaji wenye mashine huwashinda.

Sokoni Kongowea, chagua boga zito kwa ukubwa wake, lenye ngozi ngumu na nyama ya rangi ya chungwa iliyoiva. Mwombe muuzaji alikate uone ndani. Boga la majimaji lafaa mchuzi, kwa mkate litakupa uji usioiva. Lichemshe kwa mvuke, au lipike na maganda yake kwa maji kidogo sana, kisha liponde na uliache kwenye kitambaa au kung'uto lichuje kwa nusu saa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu mikate mingi. Maboga ya nazi yaliyobaki kwenye futari nayo yanafaa, mradi upunguze sukari na tui.

Vipimo: boga lililopondwa gramu 250, unga laini wa mchele gramu 220, unga wa muhogo gramu 60, sukari gramu 150, mayai 3, tui zito mililita 100, mafuta mililita 60, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki ya kutosha na mdalasini kidogo. Cha kuumulia ni baking pauda vijiko 2 na nusu vya chai, na robo kijiko cha soda kwa kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu. Asiye na mizani amwombe mwenye duka ampimie.

Changanya kila kitu isipokuwa baking pauda, soda na ndimu. Funika, uache nusu saa. Punje za unga wa mchele ni ngumu na hunywa maji polepole. Usipozipa muda, mkate utakuwa na mchanga mdomoni. Baada ya hapo ndipo utie baking pauda, soda na ndimu, ukoroge upesi na kumimina. Ukizitia mapema, hewa yote itakuwa imekwenda zake kabla ya moto. Uji uwe mzito kuliko wa vitumbua kidogo, udondoke kwenye mwiko kwa uvivu.

Vitabu vya kigeni huagiza bati refu lenye kina. Afadhali sinia au bati la mviringo la sentimita 22, lisilo na kina kirefu. Mkate usio na gluteni katika bati la kina huiva pembeni na kubaki mbichi katikati, na wazee waliochagua sinia kwa mkate wa mchele walilijua hilo bila kipimajoto. Kwenye oveni, nyuzi 175 kwa dakika 40 hivi. Nyumba nyingi za Changamwe na Kisauni hazina oveni, na wala haihitajiki: tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uupashe moto robo saa, weka bati juu yake, funika, upalie makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kijiti cha kupimia hudanganya, kwa kuwa boga huacha unyevu hata mkate ukiwa umeiva. Tazama kama kingo zimeachana na bati na katikati inarudi ukiibonyeza kwa kidole.

Kwa mgonjwa wa seliaki, hatari kubwa haimo kwenye vipimo hivi. Imo kinuni. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, kiasi kidogo mno, na mashine ya kusaga iliyopitisha ngano kabla ya mchele wako yaweza kukivuka kwa urahisi. Salama zaidi ni kuchambua mchele, kuuosha, kuuanika na kuusaga nyumbani kwa blenda, kisha kuuchekecha kwa chekecheo lisilowahi kugusa unga wa chapati. Mwiko wa mbao na ubao wa kusukumia vina nyufa zinazoficha unga. Awe na vyake. Iliki nunua nzima uitwange mwenyewe, na baking pauda usome maandishi yake, maana wanga uliotiwa humo kwa kawaida ni wa mahindi lakini si lazima.

Kuna na hesabu nyingine. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe madini ya chuma na vitamini kadhaa. Mchele uliousaga mwenyewe hauna nyongeza hiyo, kwa hiyo anayeacha ngano atafute chuma kwenye mboga za majani, kunde, samaki na nyama. Boga litamsaidia kwa vitamini A. Na mwenye kisukari asidhani mkate huu ni dawa yake, kwani wanga wake ni uleule na sukari imo.

Ukishatoka motoni usiukate. Uache upoe kabisa, saa 2 au zaidi, wanga ukaze. Ukiukata wa moto utashikana na kisu na kuonekana mbichi. Kwa joto la Mombasa na unyevu wa boga na tui, hauwezi kukaa nje zaidi ya siku moja. Kwenye friji hukaa siku 3 au 4, ila wanga wa mchele hukakamaa kwa baridi, hivyo vipande vipashwe kwenye kikaango chenye samli kidogo kabla ya kupelekwa kwenye chai.