Tochi ya kuzamia usiku: angalia nini kabla ya kununua

Mama, mumeo au kijana wako huzamia usiku kutafuta pweza au kambakoche? Basi iangalie tochi yake kabla hajatoka.

Maneno "haiingii maji" kwenye boksi hayatoshi. Tochi yenye alama ya IPX4 huhimili manyunyu tu. Tafuta iliyoandikwa kina kwa mita, tena kiwe zaidi ya kile anachofika. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, na tochi ya kawaida iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli huzimikia huko.

Msikimbilie mwanga mkali. Maji yakichafuka, mwanga uliotawanyika humrudia machoni kama taa za gari kwenye ukungu. Mwembamba humfaa zaidi.

Kama fedha zinatosha tochi moja ghali, mimi ningenunua mbili za bei nafuu, mradi ziwe za kuzamia kweli. Ya kwanza ikizimika, ya pili ni ya kumrudisha juu, si ya kumalizia kazi. Wazamiaji wa mapangoni hubeba angalau tatu kila mmoja, maana huko huwezi kupanda juu moja kwa moja.

Kila safari aifute pete ya mpira iliyo kwenye kifuniko. Unywele mmoja hutosha kuingiza maji. Tochi iliyoingia maji usiichaji, wala usimpe mtoto aifungue: gesi ya betri hujikusanya ndani na inaweza kumrushia kifuniko usoni.