Baiskeli za Tukuyu: pima fremu kabla ya kutoa fedha

WAFANYABIASHARA wadogo wanaonunua baiskeli za mtumba kwa ajili ya kuuza Tukuyu na vijiji vya Wilaya ya Rungwe wanashauriwa kwenda kununua wakiwa na futi kamba mfukoni, badala ya kutegemea jina la kiwanda na rangi inayong'aa. Baiskeli inayotoka haraka katika mji mkavu inaweza kuwa mtaji uliolala katika nchi ya matope.

Tukuyu ipo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Barabara ya lami itokayo Uyole kwenda mpakani Kasumulu inapita hapo, lakini mikungu ya ndizi, viazi na madumu ya maziwa huanzia safari kwenye njia za udongo. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo, mteja wa baiskeli bado yupo, naye ni yule anayekwepa gharama ya petroli. Mteja huyo hanunui baiskeli ya kutembelea, ananunua chombo cha kazi.

Nafasi ya tairi

Jambo la kwanza ni nafasi kati ya tairi na fremu. Kagua sehemu tatu: chini ya kichwa cha foki, kati ya paipu mbili za nyuma karibu na ekseli ya pedeli, na chini ya breki au madigadi. Penseli ya kawaida, yenye unene wa milimita 7 hivi, ipite kila upande bila kugusa. Hicho ni kiwango cha barabara kavu. Kwa njia za Rungwe tafuta nafasi ya kidole kizima. Pasipo nafasi hiyo, udongo hujaa, gurudumu hugoma, na mwenye mzigo hulazimika kushuka na kuchokoa matope kwa kijiti.

Zungusha gurudumu huku ukitazama. Rimu iliyopinda kwa milimita 3 inakula nafasi hiyo hiyo.

Urefu wa fremu

Wengi huchanganya ukubwa wa gurudumu na ukubwa wa fremu. Baiskeli ya "28" ina gurudumu la inchi 28. Fremu yake ni kipimo kingine, nayo hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi ncha ya juu ya paipu ya siti. Baiskeli nyeusi za kazi tulizozizoea huwa na fremu ya inchi 22 au 24. Tofauti ya inchi 2 ni sentimita 5, na hiyo yatosha kumfanya mtu mfupi ashindwe kukanyaga chini.

Mnunuzi asimame akiwa amevaa viatu, paipu ya juu ikiwa katikati ya miguu yake. Ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Anayebeba mkungu nyuma aachiwe zaidi, kwa kuwa akisimama ghafla mlimani, mguu wake ndio nguzo. Ukisita kati ya fremu mbili, chukua ndogo: siti huinuliwa, paipu haipunguzwi.

Soma namba

Tairi za "28" hazifanani zote. Ubavuni mwa tairi tafuta namba kama 40-635 au 37-622. Namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Tairi la 635 halikai kwenye rimu ya 622. Kabla ya kununua baiskeli, ulizia madukani Tukuyu kama tairi la namba hiyo linapatikana.

Tahadhari: fremu za mashindano

Katika mtumba huonekana fremu nyepesi za mbio za uwanjani, zilizokusudiwa sakafu laini iliyoinamishwa. Hazina gia za kubadili wala friwili, na nyingi hazina hata tundu la kufungia breki. Nafasi yake ni ya tairi la milimita 23 hivi. Bei yake yaweza kuvutia, lakini kutoka Tukuyu kuteremka Kyela ni zaidi ya mita 1,000 za mteremko. Baiskeli isiyo na breki katika njia hiyo ni hatari kwa maisha ya mteja wako.

Hesabu

Chukulia, kwa mfano tu, umenunua baiskeli 10 kwa shilingi 150,000 kila moja. Umetoa 1,500,000. Unauza kila moja 200,000, na faida inaonekana kuwa 50,000. Lakini 3 zina fremu ndefu au nafasi finyu, hazitoki. Saba ulizouza zimekupa 1,400,000. Bado hujarudisha mtaji, umepungukiwa 100,000, na zile tatu zinakula kodi ya banda.

Ushauri wetu wiki hii: afadhali baiskeli 6 zilizopimwa kuliko 10 za kubahatisha. Futi kamba na penseli ni vitu vya bei ndogo, lakini ndivyo vitakavyolinda mtaji wako.