Kabla mkono haujainuka, mgongo umeshajua

Pita Iyunga siku yoyote ya kazi, kwenye magodauni yaliyo kati ya barabara kuu ya Tunduma na reli ya TAZARA. Utamwona kuli akipanda ubao kuelekea kwenye lori, gunia la viazi mabegani, ubao unanesa chini ya miguu yake. Upande wa pili kuna mama anavuka barabara na beseni la ndizi kichwani, ngata chini yake, mikono huru, tena anaongea na simu. Hakuna kati yao anayewaza habari za misuli ya kiuno. Lakini mifupa peke yake isingeweza kazi hiyo hata kwa sekunde moja.

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili tano. Watafiti waliwahi kuchukua sehemu hiyo kutoka kwenye maiti, wakaondoa misuli yote na kubakiza mifupa na kano tu, kisha wakaikandamiza kutoka juu. Ilipinda na kushindwa kwenye nguvu ya niutoni 90 hivi, yaani uzito wa kama kilo 9. Kichwa, mikono na kifua chako ni vizito kuliko hapo, na bado hatujaweka gunia. Kwa hiyo kinachokushikilia wima ni misuli inayovuta pande zote kwa wakati unaofaa, kama kamba zinazoshikilia mlingoti. Na misuli haina akili yake. Inayoipa amri ni mfumo wa neva.

Neva zina kasi, lakini haitoshi

Wengi wetu tunafikiri mambo yanaenda hivi: mwili unayumba, taarifa inakwenda kwenye ubongo, ubongo unajibu. Hilo lipo. Ndani ya misuli kuna vihisio vinavyopima urefu wake, na ndani ya sikio kuna vingine vinavyopima mwendo wa kichwa. Taarifa za vihisio vya misuli husafiri kwenye neva kwa zaidi ya mita 70 kwa sekunde, na nyingine hujibiwa palepale kwenye ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, bila kungoja ubongo.

Tatizo ni kwamba hata kasi hiyo huacha pengo. Ishara ikifika, msuli nao unahitaji muda mpaka uanze kuvuta kwa nguvu. Mzigo ukishaanza kukuangusha, jibu linakuja umeshaegemea upande mmoja. Kwa hiyo ubongo unatumia mbinu ya pili: unabashiri.

Mwaka 1967 wanasayansi wa Kisovieti waliwataka watu waliosimama wainue mkono kwa haraka, huku wakipima umeme wa misuli yao. Kumbe misuli ya miguu na kiwiliwili ilianza kazi kabla ya msuli wa bega unaoinua mkono. Ukifikiri kidogo, inaeleweka. Mkono ukirushwa mbele, mwili unasukumwa kinyume. Ubongo unajua hilo kabla halijatokea, kwa hiyo unatuma amri mbili: ya kwanza ya kushikilia mwili, ya pili ya kuinua mkono.

Miaka ya 1990, Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walikwenda ndani zaidi. Waliingiza nyaya nyembamba mpaka kwenye msuli wa tumbo wa ndani kabisa, ule unaozunguka kiuno kama mshipi. Kwa watu wenye afya, msuli huo ulitangulia bega kwa makumi ya milisekunde, mkono uende mbele, nyuma au pembeni. Kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, nacho hushiriki. Kikishuka huku tumbo limekaza, shinikizo ndani ya tumbo hupanda na mgongo hupata egemeo. Ndiyo maana mtu akinyanyua kitu kizito hubana pumzi bila kufundishwa.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji maabara. Kunja kiwiko, weka kitabu kizito juu ya kiganja kilichotazama juu, funga macho. Mwambie rafiki akiondoe ghafla bila kukuambia lini. Mkono utaruka juu. Sasa rudia, ila safari hii kiondoe mwenyewe kwa mkono wa pili. Mkono uliobeba karibu hautikisiki. Mzigo ni uleule na mkono ni uleule. Tofauti ni kwamba mara ya pili ubongo uliijua saa kamili, ukalegeza msuli kwa wakati.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini makuli huhesabu "moja, mbili, tatu" kabla ya kutupiana gunia. Siyo mbwembwe. Anayepokea akijua wakati, kiwiliwili chake kinakuwa kimeshakaza. Akitupiwa bila kujua, misuli huchelewa kisha hujibu kwa nguvu kupita kiasi, na mgongo unabeba mshtuko wote.

Na siyo wakati tu, ubongo hubashiri uzito pia. Hutazama ukubwa wa mzigo, hukumbuka mizigo iliyopita, halafu hupanga nguvu. Hapa lumbesa ina ubaya wa ziada. Tumezoea kuisema kama wizi kwa mkulima, na ni kweli. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100 na Wakala wa Vipimo hulipiga vita jambo hili. Ila gunia lililoshonewa kilemba juu halijulikani lina kilo ngapi. Anayelibeba anabeba uzito mkubwa mno, tena ambao ubongo wake haukuuhesabu vizuri.

Kutembea na mzigo kichwani

Ukitembea, ugwe mgongo una mitandao ya neva inayotoa mdundo wa hatua, na ubongo mdogo, ulio kisogoni, husahihisha. Kila kisigino kinapogusa chini, misuli ya mgongo hukaza kidogo kuzuia kiwiliwili kisidondoke mbele.

Mwaka 1986 watafiti walipima hewa waliyotumia wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliozoea kubeba mizigo. Mpaka uzito wa asilimia 20 ya mwili, hawakutumia nishati ya ziada. Utafiti wa 1995 ulionyesha kwamba walitumia vizuri zaidi mwendo wa mwili unaopanda na kushuka kama pendulamu. Lakini tusivimbe kichwa: utafiti wa baadaye Afrika Kusini ulikuta watu wanatofautiana sana, na kubeba kichwani hakukuwa nafuu kuliko mgongoni. Na shingo hulipa gharama yake.

Je, tukaze tumbo siku nzima?

Hapa kuna jambo linalowagusa wengi wenye maumivu ya kiuno. Hodges na Richardson walikuta kwamba kwa watu wenye maumivu hayo, ule msuli wa ndani ulichelewa. Kutokana na hapo ikaenea imani kwamba dawa ni kukaza tumbo muda wote, au kuuamsha msuli huo mmoja.

Swali ni hili: kuchelewa ndiko kulileta maumivu, au maumivu ndiyo yaliyochelewesha? Mwaka 2003 watu wasio na tatizo walidungwa maji ya chumvi kali kwenye misuli ya mgongo ili waumie kwa muda mfupi. Misuli ya kiwiliwili ikabadilisha saa zake, na ule wa ndani ukachelewa. Yaani maumivu yenyewe yanaweza kuvuruga mpangilio. Na mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2016 yalikuta mazoezi ya kufundisha misuli hiyo yanasaidia, ila hayazidi sana mazoezi mengine.

Kwa hiyo usitembee umejikaza kama mti. Mfumo wa neva unajua kukaza na kulegeza, na unajifunza kwa kutumika: tembea, lima, cheza, inua mizigo ukiongeza kidogo kidogo. Ukibeba na mwenzako, hesabuni. Usiyoijua uzito, itikise kwanza.

Kuna dalili moja ya kutochezea. Maumivu ya mgongo yakija na mguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia haja, huenda neva zenyewe zimebanwa. Hilo siyo la kuchua wala la mazoezi. Ni la hospitali, siku hiyohiyo.